Neno "sumu" hospitalini na mahakamani

Mgonjwa anafikishwa hospitalini usiku mjini Lubumbashi, akitapika na viungo vimelegea, na ndugu waliomleta wanasema maneno mawili tu: "Balimulisha sumu." Muuguzi anayapokea na kuandika katika faili, kwa Kifaransa, neno "intoxication". Siku ya tatu mgonjwa anafariki. Ndugu wanakwenda kwa mwendesha mashtaka wakiwa na karatasi ya hospitali mkononi, na karani wa huko, akiisoma karatasi na kuwasikiliza wenyewe, anaandika "empoisonnement". Mfano huu umetungwa kwa ajili ya maelezo, lakini njia inayopitiwa ndiyo hiyo. Katika siku tatu sentensi moja ya Kiswahili imekuwa jina la ugonjwa, kisha imekuwa jina la kosa linaloadhibiwa kwa kifo, na hakuna hata mmoja kati ya waliohusika aliyesema uongo.

Nchini Kongo jambo la aina hii si dogo. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zinazotajwa katika kifungu cha kwanza cha Katiba ya mwaka 2006, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Hata hivyo Kifaransa ndicho lugha rasmi, na ndicho kinachoandikwa katika faili za waganga na katika hukumu za mahakimu. Kifungu cha 18 cha Katiba hiyo hiyo chataka mtu aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu za kukamatwa kwake na mashtaka yanayomkabili, katika lugha anayoifahamu. Kwa watu wengi wa Katanga, Kivu, Maniema na Ituri lugha hiyo ni Kiswahili. Hivyo basi, kila siku yupo mtu fulani anayelivusha neno "sumu" kutoka lugha moja hadi nyingine, mara nyingi kwa mdomo, kwa haraka, na bila kamusi. Yafaa kuchunguza ni mzigo gani unaoanguka njiani.

Asili ya neno lenyewe haina utata. Ni neno la Kiarabu, "summ", ambalo hutamkwa pia "samm" na "simm", na mzizi wake una uhusiano na tundu dogo: tundu la sindano, au vitundu vya ngozi vinavyotoa jasho. Kiswahili kililipokea kwa kulipa irabu ya mwisho, kama kilivyofanya kwa mamia ya maneno mengine, kikaliweka katika ngeli ambamo umoja na wingi havitofautiani kwa umbo. Kutoka pwani neno lilipanda bara pamoja na misafara ya biashara na lugha yenyewe, na leo hakuna msemaji wa Kiswahili, wa Mombasa au wa Kolwezi, anayehitaji kufafanuliwa maana yake.

Hapo ndipo matatizo yanapoanza, kwa sababu neno ambalo kila mtu analifahamu halichunguzwi na yeyote. Kifaransa cha waganga hutofautisha "poison", "venin" na "toxine". La kwanza ni kitu chochote kinachoudhuru mwili kikiingia ndani yake. La pili ni kile kinachotengenezwa na mnyama na kuingizwa kwa jino au kwa mwiba. La tatu ni kile kinachozalishwa na kiumbe hai, kama vile bakteria, mara nyingi ndani ya mwili wa mgonjwa mwenyewe. Kiswahili husema "sumu" kwa yote matatu, kisha huongeza kiunganishi: sumu ya nyoka, sumu ya nge, sumu ya pepopunda, sumu ya panya. Lakini kiunganishi hicho cha "-a" kina kazi zaidi ya moja. Sumu ya nyoka hutoka kwa nyoka. Sumu ya panya haitoki kwa panya, bali humwendea. Msikilizaji hutambua tofauti kwa kuijua dunia, si kwa kuijua sarufi, na pale ambapo dunia hiyo ni ngeni kwake, kama ilivyo dunia ya vijidudu, sarufi haimsaidii kitu. Chanjo ya pepopunda ni mfano mzuri. Tangu kazi ya Mfaransa Gaston Ramon mwanzoni mwa miaka ya 1920, chanjo hiyo hutengenezwa kwa sumu ya bakteria iliyotibiwa kwa fomalini na joto mpaka ikapoteza madhara yake, ikabaki na uwezo wa kuufundisha mwili kujikinga. Muuguzi anayemweleza mama kwamba chanjo imetokana na sumu ya pepopunda amesema kweli tupu, na si ajabu mama akaondoka na mtoto wake bila kuchanjwa. Kifaransa kina neno la pekee kwa kitu hicho, "anatoxine". Kiswahili chaweza kusema "sumu iliyoondolewa makali", na maneno hayo matatu yanatosha, ilimradi yasemwe yote.

Kabla ya "sumu" kufika, je, watu wa bara walisemaje? Jibu la swali hili ndilo linaloeleza sehemu kubwa ya yanayotokea leo hospitalini. Lugha za Kibantu zina mzizi wa kale sana ambao Kiswahili kimeuhifadhi katika kitenzi "kuroga" au "kuloga". Kikongo kinao katika "kuloka" na "ndoki", Kibemba katika "ukulowa" na "indoshi". Mtenda wa kitendo hicho kwa Kiswahili ni "mlozi", kwa kuwa sauti "g" ikikutana na kiishio cha mtenda "i" hugeuka "z", kama vile anayejenga anavyokuwa mjenzi. Kiswahili cha Katanga husema "mulozi", na wingi wake ni "balozi". Ndiyo maana msikilizaji wa Lubumbashi ambaye hakusoma Kiswahili sanifu huweza kushtuka redio inapotangaza kwamba Rais amempokea balozi wa nchi ya jirani. (Balozi huyo wa pili hana undugu wowote na wa kwanza: amekuja kwa njia ya Kituruki kutoka kwa wajumbe wa Venezia.)

Sasa, katika Kinyarwanda na Kirundi, mzizi huo huo umebeba mambo mawili kwa pamoja. "Kuroga" ni kumdhuru mtu kwa uchawi na pia kumpa sumu. "Uburozi" ni uchawi na pia ni sumu yenyewe. Lugha hizo hazikukosea. Kwa mtazamo wa mtu anayeugua, mambo hayo mawili yana sura moja: yupo adui, yupo kitu kilichopitishwa kwa siri, na upo mwili unaokonda. Ambaye lugha yake ya nyumbani imeyaunganisha hivyo, anapozungumza Kiswahili hulazimika kuchagua kati ya "sumu" na "ulozi", na uchaguzi wake huwa wa kubahatisha. Mjini Bukavu na katika vijiji vya jirani neno "karuho", linalotumika kwa sumu inayosemekana kuua polepole, limekaa kati ya hayo mawili, na hata wanaolitumia kila siku si rahisi wakubaliane kama ni unga, ni mchanganyiko wa majani, au ni kitu kinachotenda kazi hata bila kuguswa. Desturi ya kumfungulia mgeni chupa mbele ya macho yake, au ya mwenyeji kuonja kwanza, imetokana na hofu hiyo hiyo.

Kwa mganga wa hospitali, kubahatisha huko kuna athari ndogo. Atampima mgonjwa vyovyote vile. Kwa mahakama, ni jambo la kuwapo au kutokuwapo kwa kesi. Kanuni ya adhabu ya Kongo, iliyotokana na dekreti ya tarehe 30 Januari 1940, inaijua sumu na haiujui ulozi. Mtu anayeshtaki kwamba "alinilogea mtoto" anarudishwa nyumbani, au pengine anageuziwa kibao, kwani sheria ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto inamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi. Mtu yule yule akisema "alimlisha mtoto sumu" anafunguliwa faili. Si vigumu kuona kwamba walalamikaji wamejifunza ni neno gani linalofungua mlango. Hivyo "sumu" ya mahakamani imepokea kwa siri sehemu ya maana ya "ulozi", si kwa sababu Kiswahili ni maskini, bali kwa sababu sheria ilikubali jina moja na kulikataa jingine.

Neno "dawa" nalo lina mipaka yake na "sumu", na mipaka hiyo haijachorwa vizuri. Sokoni watu hawaulizi sumu ya panya. Huuliza dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya mbu. Ni adabu ya lugha kuipa sumu jina la matumizi yake mema: kinachomwua panya kinamtibu mwenye nyumba. Lakini shahidi anapoeleza kwamba marehemu alikunywa dawa iliyokuwa juu ya kabati, hakimu asipouliza "dawa ya nini?" hataelewa kesi yake. Jambo hili lina umri mrefu kuliko Kiswahili. Mwanasheria wa Kirumi Gaius, katika karne ya 2, alionya kwamba anayesema "venenum" hana budi kuongeza kama ni baya au jema, kwa kuwa hata dawa huitwa kwa jina hilo. Na onyo lake likahifadhiwa katika mkusanyo wa sheria wa mfalme Justinian mwaka 533. "Poison" ya Kifaransa yenyewe ilikuwa kinywaji tu, kutoka Kilatini "potio", na ndugu yake pacha, "potion", bado ni dawa ya kunywa. Kigiriki kiliita vyote viwili "pharmakon", na neno hilo limeandikwa hadi leo juu ya milango ya maduka ya dawa ya Lubumbashi.

Katika Afrika ya kati na mashariki yako masimulizi ya kweli yanayoonyesha jinsi kitu kimoja kinavyovuka mpaka huo. John Kirk, mganga na mtaalamu wa mimea aliyefuatana na Livingstone katika safari ya Zambezi kati ya mwaka 1858 na 1863, na ambaye baadaye alikuwa konseli wa Uingereza Unguja, aliweka katika mzigo wake sumu ya mishale ambayo wenyeji waliiita kombe. Sumu hiyo iligusa mswaki wake. Alipousugua mdomoni alihisi uchungu, na akagundua kwamba mapigo ya moyo wake yamepungua. Mmea wenyewe uliitwa na wataalamu Strophanthus kombe. Thomas Fraser wa Edinburgh akauchunguza, akapata humo kiini ambacho waganga wa Ulaya walikitumia kwa miongo mingi kuwatibu wagonjwa wa moyo. Wawindaji na waganga hao walikuwa na kitu kile kile mikononi. Tofauti ilikuwa kipimo, kama Paracelsus alivyokwisha kufundisha katika karne ya 16, na nia.

Nia ndiyo inayoitia sheria hamu, na historia ya nchi hizi inayo sumu moja ambayo yenyewe ilikuwa sheria. Katika sehemu kubwa ya Katanga, Zambia na Malawi gome la mti wa mwavi lilichanganywa na maji, mshtakiwa akanyweshwa. Akitapika, hana hatia. Sumu ikibaki tumboni, moyo unasimama na hukumu imekwisha kutolewa na kutekelezwa kwa wakati mmoja. Kaskazini-mashariki ya Kongo, Wazande walikuwa na "benge", ambayo walimpa kuku badala ya mtu, na Evans-Pritchard aliieleza kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1937. Utawala wa kikoloni ulipiga marufuku majaribio hayo, na marufuku yamebaki katika kanuni ya adhabu. Kiswahili kimehifadhi kumbukumbu yake mahali ambapo wachache hupatazama: "kiapo" katika kamusi za zamani si maneno ya kuapa tu, bali ni jaribio lenyewe, kiapo cha mwavi. Huenda msemo "kula kiapo", ambao sasa unamhusu shahidi aliyesimama mbele ya hakimu au Rais anayetawazwa, uliwahi kuwa na kula kwa kweli ndani yake. Ushahidi si kamili, kwani kitenzi "kula" hutumika pia katika "kula njama" na "kula hasara", ambamo hakuna kinachoingia kinywani. Hata hivyo, dhana kwamba sumu ni chombo cha kumtambua mwovu haikufutika pamoja na gome la mwavi.

Yaliyokwisha kusemwa yanahusu nomino. Lakini hatima ya mshtakiwa haikai katika nomino. Inakaa katika kitenzi kinachoitangulia, na hapa Kiswahili ni tajiri kuliko Kifaransa. "Kula sumu" au "kunywa sumu" hakumhusishi mtu mwingine. "Kulisha sumu" na "kunywesha sumu" ni vitenzi vya kusababisha: lazima awepo anayelisha. "Kutia sumu" kwaweza kuwa kazi halali, kama ya mtu aliyetia sumu ghalani ili kuua panya. Lakini "kumtilia mtu sumu", kwa kauli ya kutendea na kiambishi cha mtendwa, kunabeba shabaha ndani yake. Kwa "-ti-li-a" na "-m-" msemaji amekwisha kusema kwamba sumu ilimlenga mtu huyo. Mkalimani anayetafsiri "alitia sumu" na "alimtilia sumu" kwa sentensi moja ya Kifaransa, "il a mis du poison", amefuta swali la kusudi, ambalo ndilo swali kubwa kuliko yote katika kesi. Kosa kinyume chake ni baya zaidi.

Sheria yenyewe ina ngazi zake. Kifungu cha 49 cha kanuni ya adhabu ya Kongo kinaita "empoisonnement" mauaji ya kusudi yaliyotendwa kwa vitu vinavyoweza kuleta kifo, upesi au polepole, kwa njia yoyote vilivyotumiwa, na adhabu yake ni kifo. Maana hiyo imetoka Ubelgiji, katika kanuni ya mwaka 1867, na ni finyu kuliko ile ya kanuni ya Ufaransa ya mwaka 1810, ambayo ilihesabu kuwa kosa limetimia mara tu sumu ilipotolewa, hata kama aliyepewa hakufa. Kwa Kongo, pasipo kifo hapana "empoisonnement" iliyotimia; panaweza kuwa na jaribio, au kosa la kifungu cha 50, yaani kumpa mtu kwa makusudi vitu vinavyoweza kuua au kuharibu vibaya afya yake, na adhabu yake ni kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 20. Kiswahili hakikuchora mstari mahali hapo. "Alilishwa sumu lakini akapona" ni sentensi ya kawaida isiyomshangaza mtu. Anayeitafsiri kwa "empoisonnement" ametaja kosa ambalo, kwa maana ya sheria, halikutimia. Na "kula sumu" nako kunataka uangalifu: nchini Kongo kanuni haimwadhibu aliyejaribu kujiua, lakini Kenya ilikuwa na kifungu cha 226 kilichomwadhibu, mpaka Mahakama Kuu ilipotamka mwezi Januari 2025 kwamba kinapingana na Katiba. Mkimbizi wa Kikongo aliyeko Nairobi angeweza kuhojiwa miaka hiyo kwa ajili ya kitenzi kimoja.

Lipo pia jambo ambalo Kiswahili sanifu hakina budi kulijifunza kutoka kwa Kiswahili cha Kongo. Sanifu hutumia kauli ya kutendwa: "alilishwa sumu". Msemaji wa Lubumbashi hutumia kauli hiyo mara chache. Husema "balimulisha sumu". Kiambishi "ba-" hapa si kundi la watu. Ni njia ya kumtaja mtenda asiyejulikana, kama vile mtu anavyosema "banamuita Kasongo" bila ya kufikiri ni kina nani wanaomwita. Kinacholingana nacho katika Kifaransa ni "on", wala si "ils". Mkalimani aliyefunzwa kwa vitabu vya sanifu peke yake, akisikia "ba-", huona wingi, na humwambia hakimu: "Ils l'ont empoisonné." Hakimu, kama inavyompasa, huuliza ni nani hao. Mama wa marehemu, ambaye hakumtaja yeyote, sasa anaulizwa majina mbele ya watu, na ni wachache wanaoweza kukaa kimya mbele ya swali kama hilo. Shemeji mmoja anatajwa, na jirani mmoja.

Hasara hiyo ni kubwa zaidi tunapokumbuka — na waganga wanalijua hilo — kwamba sumu nyingi zinazoua katika nchi hizi hazina mlishaji. Jiko la makaa, mbabula kama linavyoitwa Katanga, likiachwa likiwaka katika chumba kilichofungwa wakati wa baridi ya mwezi wa Juni, huijaza nyumba hewa isiyo na harufu wala rangi, na watu huonekana asubuhi wamelala. Kifaransa husema "intoxication" na hakimshuku mtu. Ndugu wakiambiwa kwa Kiswahili kwamba waliuawa na sumu, watauliza walikula wapi jana.

Kwango, ambako hakusemwi Kiswahili bali Kikongo na Kiyaka, mganga Trolli alieleza katika taarifa yake ya mwaka 1938 ugonjwa ambao wenyeji waliuita konzo, yaani miguu iliyofungwa. Mtu hulala mzima na kuamka miguu imekakamaa, na hali hiyo hubaki maisha yote. Chanzo kilithibitishwa baadaye sana: ni muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, ukabaki na kiini kinachotoa sianidi, katika miili iliyokosa protini. Muhogo ukilowekwa siku 3, kiini hicho huondoka karibu chote. Utafiti uliochapishwa mwaka 1992 ulionyesha kwamba katika vijiji vya Bandundu, biashara na Kinshasa ilipokua, watu walifupisha ulowekaji ili wauze upesi. Huko Tarime, Tanzania, ugonjwa huo huo uliwapata watu wakati wa ukame wa mwaka 1985. Ni sumu kwa maana kamili ya neno, imeingia kwa kinywa, imelishwa na mama kwa watoto wake. Na bado kitenzi "kulisha sumu" hakiwezi kutumika bila kumdhulumu mama huyo.

Watanzania wamepata neno zuri kwa sumu nyingine ya ghalani, "sumukuvu", inayotokana na ukungu wa mahindi na karanga. Sumu hiyo ilijulikana kwa wataalamu baada ya mabatamzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kula mashudu ya karanga. Mwaka 2004 mahindi yenye ukungu yaliwaugusha watu 317 mashariki ya Kenya, na 125 kati yao walikufa. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka, sumukuvu huandaa saratani ya ini, hasa kwa mwenye homa ya ini aina ya B. Mgonjwa wa saratani hiyo hukonda, tumbo huvimba, macho huwa manjano; ndizo dalili ambazo Kivu huziita karuho. Ndugu wanaosema kwamba ameuawa polepole na sumu aliyoila wanaweza kuwa wamepatia kabisa, isipokuwa katika jambo moja: hakuna aliyemtilia. Neno hili "sumukuvu" linastahili kupokelewa Kongo bila kuchelewa, kwa kuwa limeiweka sababu ndani ya jina lenyewe, na halimwachii msikilizaji nafasi ya kumtafuta mtu.

Wako wanaopendekeza kwamba "sumu" liachiwe mahakama, na hospitali itafutiwe neno jingine. Pendekezo hilo halielekei kufaulu. Neno lililoenea kutoka Lamu hadi Kolwezi haligawanywi kwa amri ya wataalamu, na mgonjwa ataendelea kulisema kitandani. Linalowezekana ni uangalifu wa vitenzi. Mganga aliyetakiwa na mwendesha mashtaka kuupima mwili anaweza kusema kwa Kiswahili kwamba "mwilini imeonekana sumu ya aina fulani", au kwamba marehemu "aliingiwa na sumu", au "alidhuriwa na sumu". Sentensi hizo zote zinataja kitu na madhara yake, na hazimtaji mtu. Akisema "alilishwa", amekwisha kutoa ushahidi juu ya jambo ambalo hakuliona, na ambalo hakuna kipimo cha maabara kinachoweza kuliona. Muuguzi anayeandika "intoxication" angefanya vema kuongeza kile alichoambiwa na kile alichokiona, kila kimoja mahali pake, kwa kuwa karatasi yake itasomwa na watu ambao hawakuwapo usiku ule.

Matangani, ambako sentensi ya kwanza husemwa mara nyingi, "balimulisha sumu" ni kilio cha msiba kama vilivyo vilio vingine, na sheria haina la kusema juu yake. Kifungu cha 74 cha kanuni ya adhabu kinamwadhibu anayemsingizia mtu hadharani na kwa ubaya tendo bayana linaloweza kumvunjia heshima. Ili kifungu hicho kianze kufanya kazi, yatosha "ba-" igeuke "a-", na jina litangulie.